Mengine Yote Yakibaki Yalivyo

Saa nne usiku nafungua chumba namba kumi na nne,
ndoo mkononi, funguo kiunoni,
nakuta Profesa Thornquist ameniachia ubao wake:
mstari unapanda, mstari unashuka,
na pale inapokutana, nukta nene ya chaki nyekundu.
Hapo, huwaambia wanafunzi, ndipo soko hupumzika.
Pembeni, kwa mwandiko wa kukimbia, maneno yaleyale:
mengine yote yakibaki yalivyo.

Miaka kumi na tisa namfutia nukta hiyo.
Kesho yake anairudisha palepale,
kama mtu anayemwekea marehemu sahani mezani.

Mimi ni Ludmila, mjane wa Stefan Hrabovsky
aliyemimina chuma tanuru la tatu
hadi chuma kilipokoma kumiminika.
Uchumi sikuusomea. Nimeusafisha.
Navijua vikapu vyake vya taka:
utabiri uliokunjwakunjwa, maganda ya machungwa,
barua ya benki iliyochanwa mara nne
(kumbe nao wana rehani).

Mwezi wa tisa, wiki ile benki zilipoanguka
moja ikiivuta nyingine shati,
taa za ghorofa ya pili hazikuzimwa.
Walisimama koridoni wakinong'ona
kama watu msibani wasiojua mfiwa ni nani.
Kijana mmoja, tai begani, aliniuliza,
"Wewe uliona dalili yoyote?"
Nikamwambia: mtaani kwetu, ng'ambo ya mto Mahoning,
nyumba kumi na moja zimepigiliwa mbao madirishani
tangu Pasaka.
Akatoa kalamu. Akaandika.
Akauliza kama nina takwimu.

Ninayo moja. Mlango wa kijani, ngazi ya tatu imevunjika.
Ninalala humo.

Kiwandani walikuja wanaume kutoka Tianjin,
wapole, kila mmoja na chupa yake ya chai.
Waliandika namba kwa chaki
kwenye kila bolti, kila mhimili,
ili mashine ikifika kwao isipoteze kiungo.
Tulisimama uzioni, wajane sita na mbwa.
Chaki nyeupe, ileile ya chuoni.
Mkono wangu ulijua kazi yake;
uzio ulikataa.

Mwanangu Marek analinda uwanja wa ndege
kisiwani ambako ramani yangu ya jikoni haifiki.
Simuni anasema: Mama, wamefunga jiko la pili,
nusu ya vitanda havina watu.
Anasema: usiku tunahesabu meli zinazopita,
zamani tulikuwa tunazihesabu kwa majina.
Halafu ananiuliza kuhusu theluji,
kwa sauti ya baba yake siku ile aliporudi
na kopo la chakula likiwa bado limejaa.

Jana nilimkuta Profesa mwenyewe gizani,
amekalia dawati la mwanafunzi, magoti yamebanwa.
Akiba yake ya uzeeni, alisema, imebaki nusu.
Alisema hivyo akiutazama ubao, si mimi.
Kisha akainuka, akashika kifutio,
akaanza na yale maneno ya pembeni.

Hajui kufuta. Anasambaza vumbi tu.
Akisugua hapa, wingu linahamia kule,
nukta ikavimba ikawa doa, doa likawa shavu lililopigwa.
Nikamshika kiwiko.
Kitambaa kwanza kiloe, nikamwambia. Anzia juu.
Shuka. Usirudi ulikopita.
Alifuata, ulimi nje kidogo, kama mtoto wa darasa la kwanza,
na kwa mara ya kwanza nikauona ubao ule ulivyo:
mweusi, wenye nyufa mbili, mkubwa kuliko nilivyodhani.

Aliniuliza kesho nitakuja.
Zamu yangu saa nne usiku, nikamjibu, kama kawaida.
Sikumwambia kuhusu mnada.
Mnada ni saa tatu asubuhi.

Maji ya ndoo yalikuwa mekundu kidogo, na meupe.
Nikayamwaga.